Kabla ya kununua kiyoyozi katika nyumba ya kupanga, tazama kwanza mabati

Joto limerudi katika miji yetu ya bondeni, na mbele ya maduka ya vyombo vya umeme yale masanduku meupe yenye magurudumu yamepangwa tena. Iwe Kalemie, Moba, Kongolo ao Kindu, muuzaji ana maneno yale yale: "Mama, hii ni klimatizeri kamili. Haiombi fundi. Unachomeka tu." Na mama, ambaye watoto wake hawajalala vizuri tangu wiki mbili, anafungua mkoba.

Sina ugomvi na wauzaji. Wanauza kile kinachowafikia, kutoka Dubai na China, kupitia Dar es Salaam na Kigoma kisha meli ya ziwa, ao kupitia Lubumbashi. Ugomvi wangu ni na lile neno "kamili". Mpangaji wa kwetu analipa nyumba kwa dola na hana ruhusa ya kutoboa hata ukuta. Pesa anayoitoa kwa ajili ya baridi ni mara nyingi ile iliyowekwa kwa masomo ya watoto, na mashine ikikataa kufanya kazi, duka halirudishi. Kwa hiyo maoni yangu nayasema mapema: wengi wetu tunanunua baridi kabla ya kupunguza joto, na kazi ya kupunguza joto ilipaswa kuwa ya mwenye nyumba.

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaweza kusoma haya wakicheka. Wao wako juu, karibu mita 1,500, na usiku wanatafuta blanketi. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, na Kindu iko chini zaidi. Hata hivyo, Kalemie si jangwa. Hewa ya mchana inazunguka mara nyingi kwenye digrii 29, 30, 32. Joto linalotuamsha saa saba za usiku halitoki nje. Toka uwanjani saa hiyo, utaona upepo wa ziwa ni mzuri kabisa. Joto liko ndani, juu ya kichwa chako.

Nyumba nyingi za kupanga zimejengwa kwa bloke za sementi na mabati, basi. Hakuna dari. Jua likipiga mabati tangu asubuhi, yanawaka mpaka huwezi kuyashika kwa mkono, na yanatupa ule moto chini kama mbabula iliyogeuzwa juu chini. Bloke nazo zinakunywa joto mchana mzima, kisha zinalirudisha polepole usiku, wakati mabati yenyewe yamekwisha kupoa. Ndiyo sababu unatoa jasho saa sita za usiku wakati mbwa wa jirani analala vizuri nje.

Sasa weka kiyoyozi katika chumba cha namna hiyo. Kitapoza, ndiyo, lakini kitapigana na mbabula iliyo juu yake saa zote, bila kupumzika, na wewe ndiye utalipa umeme wa vita hiyo. Dari ya tripleksi, yenye nafasi ya hewa kati yake na mabati na matundu chini ya paa ili joto litoke, inafanya kazi kila siku na haiombi umeme. Mabati yakipakwa rangi nyeupe yanarudisha sehemu kubwa ya jua. Chokaa nacho kinasaidia, ingawa mvua inakiosha na kila kiangazi unaanza tena. Kwa dirisha linalotazama jua la jioni, kitambaa ao mkeka unaoning'inizwa nje unazuia joto kuliko pazia zito la ndani, maana jua likishapita kioo limekwisha kuingia. Na usiku fungua madirisha, na wavu wa mbu juu yake.

Baada ya hapo, feni. Najua, feni haina heshima. Mgeni akiingia na kuona feni hasemi kitu, akiona klimatizeri anasema "aah, bosi". Lakini feni ya meza ao ya kusimama inakula wati 50 hivi, na Shirika la Afya Ulimwenguni, ile OMS, linasema feni inaweza kutumiwa bila shida mradi hewa haijafika digrii 40. Kwenye digrii 40 na zaidi, feni inakupulizia moto. Kwetu, mara nyingi hatufiki huko. Wapangaji wengi wangeishia hapa na kulala.

Kuna nyumba ambamo hayo hayatoshi. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, mtu anayefanya kazi ya zamu na anapaswa kulala mchana chini ya mabati yanayowaka. Huko kiyoyozi si kujionyesha. Basi tuzungumze juu ya mashine zenyewe.

Ya kwanza, inayouzwa sana sababu bei yake ni ya chini, ni ile ya maji. Ina tangi, unaweka maji na vipande vya barafu, feni inapuliza hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Wauzaji wanaiita klimatizeri. Siyo. Inapoza kwa kufanya maji yapande hewani, sawa na mtungi wa udongo unavyopoza maji yake. Hewa ikiwa kavu, kazi inaenda. Lubumbashi, mwezi wa tisa na wa kumi kabla ya mvua, mashine hii inaweza kukufaa na sitakukataza. Lakini ipeleke Kindu ao Kisangani, ao Kalemie wakati wa mvua: hewa imekwisha kushiba maji, haiwezi kupokea mengine. Hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 80 haiwezi kushuka chini ya digrii 27 kwa njia hiyo, hata mashine iwe nzuri namna gani. Na maji uliyoongeza yanabaki chumbani, kwenye shuka na ukutani. Umenunua feni ya bei kali inayoleta ukungu.

Kuitambua ni rahisi. Tafuta bomba nene la kutoa joto nje. Joto halipotei, linahamishwa tu. Mashine isiyokuwa na pahali pa kutupia joto nje ya nyumba haiwezi kupoza chumba kilichofungwa, hata kama kwenye sanduku wamechora theluji na dubu mweupe.

Ya pili ndiyo ile yenye magurudumu na bomba, na kwa mpangaji asiye na ruhusa ya kutoboa ukuta, ndiyo inayobaki. Ni kiyoyozi cha kweli: ina gesi, ina kompresa, inatoa maji kwenye hewa. Lakini ina kasoro ambayo muuzaji hataitaja. Yenye bomba moja inachukua hewa ya chumba chako na kuitupa nje. Hewa iliyotoka lazima ibadilishwe na nyingine, na hiyo nyingine inaingia chini ya mlango na juu, kati ya ukuta na mabati. Yaani sehemu ya umeme unaolipa inavuta ndani lile joto ulilokuwa unalikimbia. Chumba bila dari, chenye uwazi chini ya paa, mashine hii haitakiweza.

Kwa sababu hiyo namba kubwa ya BTU kwenye sanduku inadanganya kidogo. Marekani, tangu 2017, serikali iliweka namna mpya ya kuzipima mashine hizi, na ile iliyokuwa ikiitwa ya BTU 14,000 ilishuka kwenye 10,000 hivi, pengine chini ya hapo. Masanduku yanayotufikia sisi yanabeba mara nyingi namba ya zamani, ile kubwa. Kwa chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 chenye dari, usitegemee ile ya 7,000 iliyoandikwa kwenye sanduku. Tafuta ya 10,000 ao 12,000. Na usijaribu kupoza saluni na koridoo. Chagua chumba kimoja, funga mlango, weka kitambaa chini yake.

Kuiweka bila fundi kunawezekana kweli, hata kwa madirisha yetu. Maelezo ya ndani ya sanduku yametengenezwa kwa madirisha ya Ulaya na Amerika yanayosukumwa juu ao kando. Kile kipande cha plastiki wanachotoa mara nyingi hakiingii kwetu. Kwa dirisha la vioo vya nako, ondoa vioo viwili ao vitatu vya chini, pima uwazi, kata kipande cha tripleksi cha kiasi hicho, toboa duara la ukubwa wa bomba, na ubane kwa misumari midogo ya mbao ao utepe mzito. Bomba lina upana wa sentimita 15 hivi na halitapita kati ya vyuma vya dirisha, lakini halina lazima ya kupita. Mdomo wake unaishia kwenye tripleksi, hewa ya moto inapita yenyewe kati ya vyuma. Bomba liwe fupi na lisipindwe, maana lenyewe linawaka kama sufuria. Ukilifunika na blanketi kuukuu unapata faida. Vile vioo ulivyoondoa vifunge katika gazeti na uviweke juu ya kabati. Siku ya kuhama, mwenye nyumba atavihesabu.

Maji pia. Hewa ya kando ya ziwa inatoa maji mengi, na tangi ndogo ya ndani ikijaa mashine inazima yenyewe katikati ya usiku. Watu wanafikiri imekufa. Weka kibomba chembamba kwenye tundu la chini na ndoo iliyo chini kuliko mashine.

Kuhusu ile ya dirishani, sanduku moja lenye mgongo nje: ndiyo nafuu kwa umeme kuliko ya magurudumu, na mara nyingi bei yake ni ya chini zaidi. Lakini kwetu inaomba kukata vyuma vya dirisha, na kukata vyuma ni kumfungulia mwizi mlango. Bila fundi wa kusudura na bila ruhusa ya mwenye nyumba, isahau. Ile ya vipande viwili, ya ukutani, inashinda zote kwa umeme, hasa zile za inverta, lakini ni kazi ya fundi wa gesi. Mtu atakayekaa miaka mitano katika nyumba ile ile, na mwenye nyumba anaelewa, afadhali alipe fundi. "Bila fundi" si mara zote maana yake rahisi.

Sasa umeme, na hapa ndipo urafiki wa lupango unapovunjika. Kiyoyozi cha magurudumu kinakula wati 1,000 mpaka 1,400. Tuseme 1,200. Ni feni 24 zikizunguka pamoja. Saa nane za usiku ni kilowati-saa 9.6, mwezi mzima, kompresa isipopumzika, ni 288. Feni moja kwa saa zile zile inafanya 12. Chukua namba hizo, zidisha kwa bei unayolipa wewe, na uone kama mshahara unakubali.

Lakini katika lupango zetu nyingi hakuna anayelipa kile alichokula. Mita ni moja, ama hakuna mita kabisa, karatasi ya SNEL inakuja na wapangaji wanne wanaigawa sawasawa. Mama anayewasha balbu mbili na redio analipa sawa na yule mwenye klimatizeri. Mwezi wa kwanza anakaa kimya. Mwezi wa pili anauliza. Mwezi wa tatu mtu anakata waya usiku na hakuna anayejua nani. Ukileta mashine ya namna hii katika lupango, anza kwa kuwaambia jirani na kukubali kulipa sehemu kubwa, ao nunua mita ndogo ya kuhesabu laini yako mwenyewe. Si sheria inayodai hivyo. Ni kuishi na watu.

Waya ni jambo la maisha. Nyumba ambayo waya zake ziliwekwa kwa ajili ya taa haziwezi kubeba wati 1,200 usiku kucha. Shika plagi baada ya nusu saa: ikiwa ya moto, zima. Ralonji nyembamba ya dola mbili, iliyozungushwa chini ya kitanda, ndiyo inayoanzisha moto. Mashine ichomekwe ukutani moja kwa moja, kwenye laini ya waya wa milimita 2.5 yenye disjonkta yake. Kwa hilo tafuta fundi umeme, hata kama sanduku linasema huna lazima naye.

Kalemie inapata umeme wa Bendera, kwenye mto Kyimbi, Uvira wa Ruzizi, Kisangani wa Tshopo. Ukija, unakuja na nguvu ndogo saa za jioni wakati kila mtu anapika. Kompresa inateseka chini ya volti 180 kuliko balbu. Kuna kifaa kidogo cha kulinda friji, kinachokata umeme ukishuka na kungoja dakika tatu kabla ya kuurudisha. Kinunue pamoja na mashine, siku ile ile, maana bila dakika hizo kompresa inaanza ikiwa bado imebanwa na gesi, na kuungua ni haraka.

Kindu na pengine ambako wengi wanaishi kwa jenereta na sola, jibu langu ni fupi. Jenereta ndogo ya wati 900 haitawasha kompresa. Kubwa itaiwasha, na itakunywa mafuta usiku mzima, na tafadhali isikae kamwe kwenye veranda karibu na dirisha la watu wanaolala: moshi wake unaua bila harufu ya kukuamsha. Batri ya 200 Ah ya volti 12 ina kilowati-saa 2.4 kwa hesabu ya karatasi. Ukiiheshimu usishuke chini ya nusu, una saa moja ya baridi. Batri ile ile inazungusha feni usiku kucha.

Turudi kwa mwenye nyumba, maana haya yote yanaanzia kwake. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba ilisema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Tunajua ni wangapi wanaomba sita. Mtu anayepokea miezi sita ya dola kabla hujaingiza hata kitanda, na chumba hakina dari, ameuza mabati na kuta. Anaweza kusema: "Ukitaka dari, weka wewe." Na wengi tumeweka, kisha mwaka unaofuata akapandisha kodi kwa sababu nyumba "imekuwa nzuri". Hilo ndilo naliita wizi wa adabu.

Mpangaji asilipie dari ya mtu mwingine bila karatasi. Njia ipo, na nimeona inafanya kazi: "Papa, mimi nanunua tripleksi na kulipa seremala. Risiti hizi hapa. Tunaondoa kiasi hiki kwa kodi ya miezi minne ijayo, na kodi haipandi kwa mwaka mmoja." Mnaandika, mnatia sahihi wawili pamoja na shahidi, na nakala moja inabaki kwako. Anayekataa hata hilo amekuonyesha nyumba gani umeingia. Na ofisi ya Habitat ya mji ipo kwa mabishano ya namna hiyo, hata kama foleni yake ni ndefu. Wenye nyumba nao wajue kwamba mpangaji anayelala vizuri anakaa, na nyumba inayobadilisha wapangaji kila miezi sita inawagharimu kuliko karatasi kumi za tripleksi.

Na ukiwa umeamua, umefika dukani, geuza sanduku na usome kibandiko cha nyuma kabla ya kutazama picha ya mbele: wati ngapi, BTU ngapi, volti ngapi. Zile za okazyoni kutoka Ulaya ziangalie mara mbili, gesi inaweza kuwa imeisha njiani. Omba mashine ichomekwe palepale, ngoja dakika 15, kisha weka mkono mmoja mbele na mwingine kwenye mdomo wa bomba la nyuma. Mbele pawe baridi, nyuma pawe moto wa kweli. Muuzaji akikuambia umeme hauko, uliza ni saa ngapi unarudi, na urudi nao.